Maumivu Umeandika, na Mwendo Je?

Nyumbani, 3 Februari

Mpwa wangu,

Pokea salamu nyingi, tena nyingi kuliko ulizozoea, kwa sababu mama yako amekaa hapa kando yangu anazikagua. Sisi hatujambo. Paka hajambo. Yule mpangaji wa chumba cha uani amehama na taa yetu ya ukutani, naye nadhani hajambo, angalau anaona vizuri.

Habari kubwa ni magoti. Tangu mama yako aanze vile vidonge vya njano ulivyomshauri avikubali, maumivu yamepungua mno. Zamani ukipita mlangoni pake asubuhi ulisikia "aa" na "uu" kama darasa la chekechea linajifunza irabu. Siku hizi kimya. Analala vizuri. Anakaa dirishani na redio yake, anawasema wapita njia, anacheka peke yake. Juzi kamwambia muuza mkaa kwamba suruali yake inatosha watu wawili, na mmoja wao hajafika. Hayo si maneno ya mgonjwa.

Na zile raba nyeupe ulizotuma alipoanza vidonge, mimi kama fundi viatu nakuambia ukweli: umenunua kitu. Miezi inakwenda, ziko vilevile kama zimetoka dukani leo. Soli haijalika hata kidogo. Watu wote wakivaa raba za namna hiyo, sisi mafundi tutakufa njaa.

Sasa nina swali. Wateja kibandani wananiuliza mpwa wangu anafanya kazi gani huko. Nawaambia hospitali. "Daktari?" Nasema hapana. "Nesi?" Hapana. "Basi anafagia?" Hapo natafuta maneno, nao wanakubaliana kwamba unafagia na kwamba mjomba anaona aibu. Nieleze basi, kwa maneno ya mtu ambaye shule ilimwacha kabla yeye hajaiacha, niokoe heshima ya ukoo.

Mama anasema usijinyime chakula. Anasema pia usihangaike na safari, tuko salama.

Mjomba wako,
fundi


20 Februari

Mjomba, shikamoo. Na mama shikamoo, maana najua unasoma.

Mimi mzima. Bado nakaa chumba kilekile juu ya duka la dobi. Sakafu ina joto mwaka mzima, hiyo ndiyo faida. Hasara ni kwamba mvuke unapanda mpaka vitabu vyangu vimejikunja kama samaki kwenye mafuta. Ofisini tuko watatu na birika moja. Mkuu wetu tunamwita Desimali, kwa sababu ukimuuliza ana watoto wangapi anajibu, "Wawili nukta sifuri."

Barua yako imenifurahisha hadi nikaisoma mara ya pili nikiwa nimesimama. Mama anacheka!

Waambie wateja wako hivi. Mimi sitibu mtu. Kuna madaktari mbalimbali waliojaribu kidonge fulani, kila mmoja kwa wagonjwa wake, kila mmoja akaandika alichokiona. Huyu anasema kinasaidia sana, yule kidogo, wa tatu hana hakika. Kazi yangu ni kuziweka tafiti zote hizo pamoja na kuuliza: zikiunganishwa, zinasema nini? Kwa sasa nashughulikia vidonge vya magoti, hivyohivyo vya njano anavyokunywa mama. Tukimaliza, kamati itaamua kama viandikiwe wazee wote wenye magoti mabovu katika kliniki zetu.

Ugumu uko hapa. Mgonjwa wa magoti ana mambo mawili: anaumia, na hatembei vizuri. Tafiti chache zimeripoti yote mawili. Nyingi zimeripoti maumivu peke yake. Nikizitupa hizo, natupa ushahidi mwingi. Nikichambua maumivu kivyake na mwendo kivyake, najifanya sijui kwamba ni mambo ya mtu mmoja mwenye goti moja. Kwa hiyo nayachambua pamoja, na pale ambapo mwendo haukutajwa, nayaacha maumivu yaseme kwa niaba yake. Anayeumia kidogo, kwa kawaida hutembea zaidi.

Kwa kawaida kiasi gani? Hapo ndipo njia ninayotumia inapoingia. Inaitwa njia ya Bayes. Kabla ya kuangalia tafiti, unakiri waziwazi unaamini nini, na kwa nguvu kiasi gani. Kisha ushahidi unaingia na kukusukuma huku au kule. Ushahidi ukiwa mwingi, imani yako ya mwanzo inanyamaza. Ukiwa mchache, imani yako ndiyo inayozungumza, na usipoangalia utadhani ni ushahidi.

Nitakuja kazi hii ikiisha. Najua nilisema hivyo mwaka jana pia.

Mama anatembea siku hizi? Anafika sokoni?

Mpwa wako


Nyumbani, 18 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Gundi ya kibandani iliganda, na mwenye gundi akaganda nayo.

Huyo Bayes wako nimewaeleza wateja. Mmoja akauliza kama ni wa ukoo wetu. Nimemwambia ni wa upande wa mama. Heshima imerudi, sasa wanasema unafagia lakini kwa hesabu.

Tena nimekuelewa vizuri, kwa sababu kazi hiyo nimewahi kuifanya bila kujua. Alinijia bwana mmoja asubuhi na kiatu cha kushoto mkononi. Cha kulia kiko nyumbani, akasema, wewe kata soli zote mbili, jioni nakuletea. Nikatazama cha kushoto kimelika wapi, nikakata soli ya kulia kwa mfano wake, nikajisifu. Jioni akaleta cha kulia: kisigino kizima kabisa, ncha imekwisha mpaka kidole kinachungulia nje kama jirani mbea. Kumbe bwana anaburuta mguu wa kulia. Asubuhi alinijia juu ya baiskeli, ningejuaje? Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Hukuuliza."

Mama yako hajambo kabisa. Maumivu hana. Anasema magoti yake yamekuwa kama ya mtu mwingine, tena mtu mwenye adabu. Sokoni siku hizi matope matupu, wanachimba bomba, hata mimi siendi. Mboga zinapitishwa mlangoni. Anakusalimu sana. Anasema umalize kazi kwanza, safari ni ndefu, na baridi ya njiani si nzuri kwa kifua chako. Hilo la baridi ni lake, mimi naandika tu.

Paka amenenepa. Hatujui anakula wapi.

Mjomba wako,
fundi


6 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Kisa cha kiatu nimekisimulia ofisini. Desimali akacheka nusu ya kicheko, ambayo kwake ni sherehe. Ila ananiambia nijitetee: wewe ulikata soli moja ukaikabidhi kama ndiyo yenyewe. Sisi tukikisia kiatu ambacho hatujakiona, tunasema pia tunaweza kukosea kwa upana gani. Angalau tunapaswa kusema.

Hapo ndipo nilipo sasa. Tafiti zinazoonyesha maumivu na mwendo vinafuatana kwa karibu kiasi gani ni chache mno, kwa hiyo imani ya mwanzo inabeba mzigo mkubwa. Tuliwauliza madaktari watatu, tukapata majibu matatu. Ilibidi nichague. Nikachagua kwamba vinafuatana kwa karibu sana, kimoja kikipona na kingine kinapona. Desimali akaniuliza, "Kwa nini karibu hivyo?" Nikampa sababu, nzuri, zenye marejeo. Akasema sawa.

Sikumwambia kwamba nilipokuwa nachagua nilikuwa namwona mama dirishani anamsema muuza mkaa. Ulivyoniandikia, mjomba. Nikamwona anacheka, kisha nikamwona anainuka na kwenda kuchungulia mlangoni. Huko kuinuka hukuniandikia. Nilimalizia mwenyewe.

Majibu yametoka mazuri mno. Kidonge kinapunguza maumivu na kinarudisha mwendo, na uhakika wake ni mkubwa. Nimeshawapelekea kamati majibu hayo ya awali, wanakutana Juni.

Hukuniambia anafika wapi akitembea. Au uliniambia nami sikuona. Si lazima sokoni. Hata langoni.

Mpwa wako


9 Mei

Mjomba, shikamoo.

Barua yangu ya Aprili hujaijibu. Nikipiga simu mama anapokea na kusema "sijambo mwanangu" kabla sijauliza, halafu anauliza nimekula nini. Ukipokea wewe, nasikia pumzi zake kando yako. Ndiyo maana naandika.

Nikueleze lililotokea. Nilikuwa nasoma upya utafiti mmoja mkubwa. Katika mpango wao wa mwanzo waliahidi kupima maumivu na mwendo. Katika ripoti ya mwisho kuna maumivu tu. Mwendo umepotea kama taa yenu. Nikamwandikia daktari aliyeuongoza. Akanijibu kwa upole: mwendo tulipima, haukupendeza, tukaona tusiwachanganye wasomaji. Haukupendeza vipi? Akajibu kwa maneno machache zaidi. Kizunguzungu. Wazee walikuwa wanaanguka.

Nikawaandikia wengine. Mmoja hajajibu hadi leo. Mwingine amejibu kurasa mbili, na ukizikamua zinasema hilohilo.

Unaona nilichofanya? Nilidhani waliacha kutaja mwendo kwa kusahau, au kwa kukosa nafasi. Kumbe walinyamaza kwa sababu waliona. Nami nikaujaza ukimya wao kwa habari njema.

Basi nikatoa barua zako kwenye droo nikazisoma kama ninavyosoma tafiti. Februari, maumivu yamepungua. Machi, maumivu hana. Kuna paka, kuna matope, kuna gundi, kuna suruali ya muuza mkaa. Maumivu umeandika, na mwendo je?

Mpwa wako


Nyumbani, 20 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Mvua zinanyesha. Paka amezaa, sote tulidhani ni dume. Wale wa bomba wamemaliza kuchimba na sasa wanalitafuta bomba walilolifukia. Mama yako anakula vizuri, anakusalimu sana. Kazi njema.

Mjomba wako


27 Mei

Mjomba, shikamoo.

Raba zikikaa miezi na miezi bila soli kulika, sababu ni moja tu, nawe unaijua kuliko mimi.

Mpwa wako


Kibandani, 4 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Naandika nikiwa kibandani, karatasi iko juu ya goti, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Barua zote kabla ya hii niliziandika mezani nyumbani, na kila moja ilikuwa na mhariri. Mhariri anakaa kando, ananywa chai, anasoma juu ya bega langu, anasema, "Hilo toa." Nikatoa. Sasa nayarudisha yaliyotolewa.

Maumivu hana, hilo ni kweli. Sikukuandikia uongo hata neno moja, na hapo ndipo ninapojiona mbaya zaidi, kwa sababu nililionea fahari. Kila nikibandika stempu nilijiambia: fundi, hujadanganya. Lakini akishameza kile kidonge, chumba kinamzunguka. Tangu Desemba hatembei bila kushika ukuta. Januari akaanguka kwenye ujia wa kwenda bafuni. Mimi nilikuwa hapa hapa kibandani nacheza drafti, jirani akaja kusema dada yako anaita, nami nilikuwa nashinda, nikasema namaliza mchezo huu. Nikamkuta ameketi sakafuni, taulo mapajani, ananiambia anapumzika.

"Unapumzika kwenye maji?"

"Wewe ulitaka nipumzike wapi, bungeni?"

Hakuvunjika. Mkono ulivimba ukanywea. Nikasema namwandikia mtoto. Akanishika shati akaniapisha. Anasema ulimshauri kwa nia njema, ukijua utaacha kazi uje, na kazi yenyewe umeipata kwa shida. Tangu siku hiyo kiti kiko dirishani. Kucheka kote nilikokuandikia, kumsema muuza mkaa, redio, vyote amevifanya akiwa ameketi. Nilikuandikia kila kitu isipokuwa kiti.

Utaniuliza, na kibanda hiki kilikuwa wapi? Si ningekuja kuandikia huku? Kibanda kilikuwepo. Kalamu ilikuwepo. Mama yako aliniapisha, ni kweli, lakini mimi niliapa upesi kuliko alivyotegemea, hata yeye alishangaa. Nyumba ni yake. Mimi nilikuja kukaa siku chache tu mke wangu aliponirudisha kwetu, na unajua siku chache zangu zimekuwa ndefu vipi. Ukisikia ameanguka, utakuja. Ukija, utamchukua. Mimi nitabaki na paka na wanawe. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga, na haikuhitaji Bayes.

Sasa unaniambia ulipochagua imani yako ulikuwa unamwona mama dirishani kwa macho yangu. Mstari huo nimeurudia hadi karatasi imechoka. Mimi nilidhani namfichia mtu mmoja jambo la mtu mmoja, ndani ya familia, kama watu wanavyofichana. Sikujua kwamba nyuma ya mama yako kuna foleni ya wazee wa kliniki nisizozijua, watakaopewa kidonge kwa sababu fundi viatu alisifia raba.

Niambie. Soli niliyoikosea naing'oa, napiga msasa, naanza upya. Hii ya kwako inang'oka?

Mjomba wako


19 Juni

Mjomba, shikamoo.

Sikukujibu mara moja. Siku za kwanza nilikuwa nimekasirika, na barua za hasira nilizichana. Siku zilizofuata nilikuwa nimekasirika na mtu mwingine, naye ninamwona kila nikinawa uso.

Inang'oka. Tena usijibebeshe usicho chako: barua zako hazikuingia kwenye hesabu. Iliyoingia ni imani yangu, na imani hiyo niliichagua mwenyewe, nimekaa kwenye kiti changu, nina akili zangu timamu. Nimerudia yote. Safari hii nimeiacha milango yote wazi: maumivu na mwendo vifuatane kwa karibu, kwa mbali, au hata vipingane, na ushahidi uamue. Na nimeingiza kwenye hesabu kwamba aliyenyamaza huenda alinyamaza kwa sababu. Kuhusu maumivu, jibu limesimama palepale: yanapungua. Kuhusu mwendo, ule uhakika mzuri umeyeyuka. Hatujui kama kidonge kinawarudishia mwendo, na upo uwezekano mkubwa kwamba kinawaangusha.

Nikampelekea Desimali. Akasoma, akasema, "Na ile sababu yako ya kwanza, ilikuwa nini hasa?"

Nikasema, "Mama yangu."

Akaenda akachemsha maji, akaniletea chai, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Afadhali angenifokea.

Kwenye kamati niliomba nisome mwenyewe. Mjumbe mmoja mzee akanitazama juu ya miwani. "Binti, Aprili ulikuwa na uhakika."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa huna?"

"Sina. Na ule wa Aprili haukutoka kwenye tafiti."

"Ulitoka wapi?"

Nikasema, "Nyumbani." Chumba kizima kikatazama meza. Kidonge hakitaandikiwa wazee wote. Wanaokinywa tayari wataulizwa kuhusu kuanguka, wote, kila wakija. Jina langu bado liko kwenye ripoti. Desimali amelisogeza mwisho, nami sikubisha.

Hayo ya ofisini yamekwisha. Ya nyumbani ndiyo mazito. Mimi ndiye niliyemwambia mama avikubali vidonge. Halafu sikuuliza swali la pili, na kazi yangu yote, mjomba, ile unayowaeleza wateja, ni kuuliza swali la pili. Nilikuuliza kama anafika sokoni, ndiyo, lakini mwishoni mwa barua, baada ya mvuke na birika, kama mtu anayegonga mlango polepole akiomba asifunguliwe. Ukaniletea matope ya bomba, nikayapokea kwa mikono miwili. Habari zako zilinifaa. Zilinipa ruhusa ya kutokuja. Wewe uliogopa nikija. Mimi niliogopa kuja. Mama akawa katikati yetu ameketi.

Mpeleke kwa daktari wa kliniki wiki hii. Asiache vidonge ghafla. Mwambie daktari kizunguzungu na kuanguka, vyote, yeye ataamua namna ya kupunguza.

Nakuja Agosti. Kama nitamchukua, sijui. Ningeweza kukuandikia usiwe na wasiwasi, ila maneno ya namna hiyo tumeshatumiana ya kutosha.

Andika tena kabla sijafika. Andika yote mawili.

Mpwa wako


Nyumbani, mezani, 22 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Watoto wa paka sasa wanakimbia nyumba nzima. Wote wanafanana na paka wa jirani, ambaye akiwaona anatazama pembeni.

Yote mawili, kama ulivyoagiza.

Maumivu yamerudi. Daktari anapunguza vidonge kidogo kidogo, na kila akipunguza, irabu zinarudi. Asubuhi "aa", jioni "uu", na kuna nyingine mpya ambayo haimo kwenye alfabeti. Halali kama alivyokuwa akilala. Anamtukana Bayes. Nimemwambia marehemu hana kosa, akasema wote husema hivyo.

Mwendo: chumba hakimzunguki tena. Daktari amempa fimbo, amekataa kuiita fimbo, anaiita mgeni. Kwanza walifika mlangoni, yeye na mgeni. Kisha langoni. Jumatatu wamefika mtaani mpaka kwa muuza mkaa, akarudia yale ya suruali uso kwa uso. Muuza mkaa akasema, "Mama, kumbe una miguu? Mimi nilidhani wewe ni picha ya dirishani." Akamjibu kwamba hata picha inaona suruali mbaya. Amerudi jasho linamtoka, anaumia, anacheka.

Nikimsikia anavyougua alfajiri, najiona mkosaji, kwa sababu nilifungua mdomo. Nikisikia fimbo yake kwenye ujia, najiona mkosaji, kwa sababu nilichelewa kuufungua. Nilitegemea moja likipanda lingine lishuke. Yanapanda pamoja. Hilo nakuachia, ndiwe mtaalamu.

Wiki hii kaniletea raba kibandani, amekuja nazo mwenyewe, kwapani. Soli zimeanza kulika, ya kulia zaidi ya kushoto. Nimezishika zote mbili mkononi, nimekata kila moja kwa kipimo chake.

Chumba chako nimekipiga deki. Changu sijakigusa. Nguo zangu nimezitia sandukuni na sanduku nimeliacha wazi. Ukishafika na kuamua, nitalifunga au nitalimwaga. Sikuandikii hili unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu ni kitu ambacho, katika barua za zamani, ningekiruka.

Barua hii nayo ina mhariri. Safari hii nimemwita mwenyewe. Amesoma yote mpaka mwisho, hajatoa neno. Ameomba kalamu aongeze lake hapa chini, na amenikataza kulisoma. Nimetazama ukuta.

Mjomba wako,
fundi


Mwanangu, nilianguka mara mbili. Ya kwanza mjomba wako haijui. Niliinuka mwenyewe kwa kushika beseni, nikanyamaza, kwa sababu yeye angekuambia. Hajui pia kwamba nilijua anaogopa kubaki peke yake, na niliitumia hofu hiyo kumfunga mdomo. Mwambie wewe, mimi naona aibu.

Njoo. Ukikuta mlango umefungwa usishtuke, subiri hapo nje. Huenda nimetoka.

Mama